Kupunguza uzito ukiwa na ugonjwa wa kudumu: anza na dawa, ndipo uje kwenye sahani

Ushauri mwingi wa kupunguza uzito umeandikwa kwa ajili ya mtu asiyemeza hata kidonge kimoja. Kula kidogo, tembea sana, kunywa maji mengi. Mwenye kisukari anayechoma insulini akiufuata ulivyo, hilo la kwanza linaweza kumshusha sukari usiku akiwa usingizini. Mwenye viungo vinavyouma, la pili litamlaza siku tatu. Mwenye moyo uliochoka, la tatu linaweza kumjaza maji miguuni na mapafuni. Ushauri wenyewe una ukweli ndani yake, ila umeanzia katikati. Kwa mwenye ugonjwa wa kudumu kazi huanza kwenye dawa na vipimo, kisha chakula, na mazoezi yanaingia polepole nyuma yake.

Hakikisha kwanza kwamba unapaswa kupunguza

Wapo ambao huu si wakati wao: mjamzito, anayetibiwa saratani au kifua kikuu, mzee ambaye misuli imeshaisha mapajani ingawa tumbo ni kubwa, aliyewahi kuugua tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha, na anayesafishwa damu kwa mashine ambaye hajapangiwa na wataalamu wake. Na kama uzito umeshuka wenyewe kwa asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12 bila wewe kufanya lolote, usishangilie. Sukari iliyopanda, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kifua kikuu na saratani zote hupunguza uzito. Nenda ukapimwe.

Ukiwa na ruhusa, fanya hesabu mbili. Ya kwanza ni uwiano wa uzito na urefu: gawanya kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 92 mwenye urefu wa mita 1.65 ana 92 ÷ 2.72, yaani karibu 34. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Ya pili ni kiuno, nayo mara nyingi husema mengi zaidi. Tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka utepe katikati yake juu ya ngozi tupu, toa pumzi kawaida, soma. Usivute tumbo, unajidanganya mwenyewe. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu wako ni vizuri, kwa hiyo mtu wa sentimita 165 anakusudia chini ya 82 au 83.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito wa leo. Kwa mtu wa kilo 92 ni kilo 4.6. Zinaonekana chache, lakini asilimia 5 hadi 10 hutosha kushusha presha na sukari na kupunguza mafuta kwenye ini. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, wakati waliopewa dawa ya kisukari iitwayo metformini peke yake walipata punguzo la asilimia 31. Upande wa magoti hesabu ni tamu zaidi: kila kilo inayotoka mwilini hupunguza takriban kilo 4 za mzigo kwenye goti kwa kila hatua.

Kasi inayofaa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayeshuka zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki mfululizo hujitafutia mawe ya nyongo, na hupoteza misuli zaidi.

Dawa, sehemu ambayo wengi huiruka

Dozi unayotumia ilipangwa kwa mwili ulionao na chakula unachokula sasa. Ukibadilisha vyote viwili bila kumwambia aliyekuandikia, dawa inabaki pale pale na inaanza kukuzidi nguvu. Kwa hiyo kabla ya kupunguza hata kijiko cha chakula, andika dawa zako zote na miligramu zake, pamoja na zile za mitishamba ambazo huwa hutaji kliniki, kisha uliza mambo matatu: ipi inaweza kunishusha sukari au presha nikila kidogo, ipi inaniongezea uzito na kama ina mbadala, na nikifikia kipimo gani nipige simu bila kungoja tarehe. (Majina ya dawa hapa chini yameandikwa Kiswahili. Kwenye boksi mara nyingi hukosa irabu ya mwisho.)

Kwenye kisukari, zinazoshusha sukari kupita kiasi mtu anapopunguza chakula ni insulini na kundi la glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi. Hizi ndizo daktari huzipunguza mapema, wakati mwingine siku ile ile unapoanza. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Empagliflozini na dapagliflozini zina hatari ya namna nyingine: ukizitumia huku umekata wanga karibu wote, au unafunga siku nzima, damu inaweza kujaa asidi hata kama kipimo cha sukari hakijapanda sana. Kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na kupumua haraka haraka ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwenye presha, angalia kizunguzungu unaposimama. Pima ukiwa umekaa, simama, pima tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, dozi inahitaji kuangaliwa upya. Wanaotumia dawa za kukojosha kama furosemidi na hidroklorothiazidi hukumbwa na hili zaidi, hasa wakipunguza chumvi kwa wakati mmoja. Atenololi, bisoprololi na propranololi nazo zina ujanja wake: huficha mapigo ya moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, dalili ambazo mwenye kisukari huzitegemea kujua sukari imeshuka. Jasho peke yake ndilo hubaki.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asigeuke mla mboga za majani ghafla. Vitamini K iliyomo huipunguza nguvu dawa hiyo na damu inaweza kuganda. Mboga si adui. Shida ni wiki hii bakuli tano na wiki ijayo hakuna. Chagua kiasi, kaa nacho, na upime damu mapema kuliko kawaida. Anayetumia lithiamu, dawa ya maradhi ya akili, asikate chumvi kwa ghafla, kwa sababu figo zitaishikilia dawa na kiwango chake kitapanda hadi kudhuru.

Kisha kuna zinazonenepesha. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, huamsha njaa na kushika maji. Insulini, kundi la glibenklamidi, olanzapini, amitriptilini, valproeti ya sodiamu, propranololi na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu zote zinajulikana kwa hilo. Kujua hivyo kuna faida ya kukuondolea lawama na kukupa jambo la kuzungumza na daktari, wala hakukupi ruhusa ya kuacha. Prednisoloni iliyotumiwa zaidi ya wiki 3 ikikatwa ghafla inaweza kukuangusha vibaya, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo huwa zimeshazoea kukaa bila kazi.

Mwenye tezi ya shingo iliyolegea anayetumia levothiroksini aimeze tumbo likiwa tupu kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa 4. Watu hulalamika miezi mingi kwamba uzito hautoki, kumbe dawa humezwa pamoja na chai ya maziwa.

Vinywaji na chai za kupunguza tumbo viache kabisa. Nyingi huwa na majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka kwa mtu anayetumia dawa ya moyo ya digoksini au dawa za kukojosha, moyo unaweza kupoteza mpigo wake.

Sukari ikishuka

Anayetumia insulini au kundi la glibenklamidi ajifunze hili kabla ya kuanza, na aliye naye nyumbani ajifunze pia. Mtu huanza kutokwa jasho la baridi, anakuwa mkali bila sababu, maneno yanamponyoka, macho yanaona ukungu. Kipimo chini ya 4 mmol/L (70 mg/dL) ni sukari iliyoshuka hata kama hujisikii chochote.

1. Acha unachofanya, kaa chini. Kama unaendesha gari, simamisha pembeni.
2. Kunywa gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko 4 vidogo vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au mililita 150 za juisi au soda ya kawaida. Chokoleti na biskuti hazifai hapa, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.
3. Ngoja dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini ya 4, rudia.
4. Ikishapanda, kula kitu chenye wanga kama mlo wako uko mbali.
5. Aliyezimia asinyweshwe wala kulishwa chochote. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali.

Wengi hukosea kwenye hatua ya pili. Kwa hofu mtu hunywa nusu lita ya soda na kula mkate juu yake, na baada ya saa moja sukari iko 16. Ikitokea mara mbili kwa wiki, hizo ni kalori zinazorudisha kilo ulizopoteza. Kujilaumu hakusaidii kitu hapo. Dozi ndiyo kubwa kuliko chakula. Piga simu kliniki.

Mizani na daftari

Jipime asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi zile zile, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Mara moja kwa wiki inatosha kwa wengi. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya maji, chumvi, hedhi na choo, kwa hiyo hukumu ni ya wiki nne, siyo ya Jumatatu moja.

Mwenye moyo dhaifu ana sheria tofauti: anajipima kila siku. Kupanda kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji, haijalishi umekula nini, na ni sababu ya kuwasiliana na kliniki. Vivyo hivyo kilo 3 zilizotoka wiki ya kwanza baada ya kuongezewa dawa ya kukojosha hazikuwa mafuta. Kwa mwenye maji mwilini kutokana na moyo, figo au ini, mzunguko wa mkono wa juu na jinsi anavyoweza kuinuka kwenye kiti humwambia ukweli kuliko mizani.

Kwenye daftari andika safu chache tu: uzito, presha, sukari kama unapima, dakika ulizotembea, na namba moja kati ya 0 na 10 ya maumivu au uchovu. Safu kumi na mbili hujazwa siku nne halafu daftari linapotea.

Sahani

Kilo nyingi za kwanza hutoka kwenye vitu ambavyo mtu havihesabu kama chakula. Chukua chupa ya mafuta ya kupikia na kijiko kikubwa. Mimina kwenye sufuria kama unavyomimina siku zote, lakini safari hii mafuta yapitie kwenye kijiko, ukihesabu. Kijiko kimoja kikubwa, mililita 15, kina kalori kama 120, sawa na yai moja na nusu hivi. Usishangae vikifika sita kwa mboga ya watu watatu. Mafuta yakishaingia kwenye mchuzi hayaonekani tena, ndiyo maana mtu anaapa kwamba anakula kidogo, na kweli sahani yake ni ndogo.

Sasa fanya hesabu. Ukitoa vijiko viwili vikubwa vya mafuta kwa siku (kalori 240), soda moja ya mililita 330 (kama 140) na vijiko viwili vya sukari kwenye kila kikombe cha chai kati ya vitatu (karibu 96), umeondoa kalori 476 bila kugusa wali wala nyama. Upungufu wa kalori 500 hivi kwa siku ndio unaoleta karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Anza hapo. Wanaoanza kwa kukata milo mara nyingi huacha mapema. Kupima mafuta ni rahisi kudumu nako.

Baada ya hapo pima wanga. Pakua wali wako kama kawaida, kisha uumwage kwenye kikombe cha mililita 250 ujue ni vikombe vingapi. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kalori kama 200 na gramu 45 za wanga. Kama ulikuwa unakula vitatu, shuka hadi viwili kwa wiki mbili, kisha kimoja na nusu. Nafasi iliyobaki jaza mboga zisizo na wanga, hadi zifike nusu ya sahani. Robo ni wanga, robo ni protini. Kwa anayechoma insulini, wanga upunguzwe kwa mpango uliokubaliwa na kliniki na uwe kiasi kile kile kwa saa zile zile, la sivyo kipimo chako kitakuwa bahati nasibu.

Protini ndiyo inayolinda misuli uzito unaposhuka, na ndiyo inayoshibisha. Mwenye figo nzima alenge gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye uzito mkubwa sana atumie uzito anaoukusudia katika hesabu hiyo. Yai lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, gramu 100 za kuku aliyepikwa karibu 30, glasi ya maziwa ya mililita 250 kama 8. Gawanya kwenye milo yote. Kula protini yote usiku na kubaki na chai na mkate asubuhi ni kujitafutia njaa saa nne.

Hapa mwenye ugonjwa wa figo anaachana na wenzake. Kama hasafishwi damu, gramu 0.8 kwa kilo zinatosha, na vyakula vya protini nyingi vinavyosifiwa kila mahali vitazichosha figo zake mapema. Anayesafishwa damu anahitaji zaidi, gramu 1 hadi 1.2, kwa sababu mashine huondoka na sehemu yake. Kama potasiamu yake iko juu, mboga na viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kidogo, ikiwemo iliyojificha kwenye mkate, soseji, supu za pakiti na vidonge vya kuongeza ladha. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa wenye presha mara nyingi ni kloridi ya potasiamu. Kwa mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia enalaprili, lisinoprili, losartani au spironolaktoni, zinaweza kupandisha potasiamu hadi moyo usimame. Ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vinafanya kazi nzuri bila hatari hiyo. Kuhusu maji, kunywa kwa kiu, isipokuwa kama moyo au figo zako zimewekewa kikomo. Kikomo hicho huhesabu chai, supu na uji pia.

Neno kuhusu njia za haraka. Matokeo ya utafiti wa Uingereza ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba kwa vinywaji maalumu vya kalori karibu 850 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5, karibu nusu ya wenye kisukari cha aina ya pili walifikisha mwaka sukari yao ikiwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa, na kati ya waliopoteza kilo 15 au zaidi walikuwa asilimia 86. Habari hii ni kweli na inatia moyo. Ila washiriki walikuwa na ugonjwa kwa chini ya miaka 6, hakuna aliyekuwa kwenye insulini, na dawa zao za sukari na presha zilisitishwa siku ya kwanza chini ya usimamizi. Kuiga kalori bila kuiga usimamizi ni kuchukua nusu ya dawa.

Mwendo

Dakika 150 kwa wiki ni mahali pa kufika. Aliyekaa mwaka mzima aanze na dakika 5 baada ya kila mlo, aongeze dakika 1 au 2 kila wiki. Kutembea dakika 10 baada ya kula hupunguza ule mruko wa sukari unaofuata chakula, kwa hiyo mwenye kisukari anapata faida mara mbili. Kasi ipimwe kwa mdomo: uweze kusema sentensi nzima, lakini usiweze kuimba. Usitegemee mapigo ya moyo kama unatumia atenololi na ndugu zake, hayatapanda kama kawaida hata ukijichosha.

Kabla ya kutoka, anayetumia insulini au kundi la glibenklamidi apime. Chini ya 5 mmol/L (90 mg/dL), ale gramu 15 za wanga kwanza. Juu ya 14 (250 mg/dL) huku akijisikia vibaya au ketoni (zile asidi zinazojaa kwenye damu) zikionekana kwenye mkojo, asifanye mazoezi. Na akumbuke kwamba mazoezi ya jioni yanaweza kushusha sukari usiku wa manane. Presha ikiwa 180/110 au zaidi umepumzika, acha siku hiyo na uwasiliane na kliniki. Kifua kubana, maumivu yanayopanda taya au mkono, kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida: simama, na yasipoondoka, ni dharura. Mwenye ganzi miguuni akague nyayo na katikati ya vidole kila jioni, na kutikisa viatu kabla ya kuvaa. Kokoto ambayo huisikii hutoboa kidonda.

Misuli nayo ina zoezi lake moja linalolipa kuliko yote, na halihitaji kifaa: kuinuka kwenye kiti. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa nusu ya mbele, nyayo zikiwa na upana wa nyonga, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha sukuma sakafu na uinuke ukitoa pumzi. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu. Mara 5, pumzika dakika mbili, mara 5 tena. Siku mbili au tatu kwa wiki. Ukiona huwezi, ongeza mto mgumu juu ya kiti. Ukiona rahisi, kunja mikono kifuani. Makosa ni yale yale: kujitupa kwenye kiti wakati wa kushuka, jambo linalokunyima nusu ya faida, magoti kuingia ndani, nayo huuma kesho yake, na kubana pumzi. Kubana pumzi hupandisha presha kwa ghafla, na mwenye mishipa dhaifu ya macho kwa sababu ya kisukari anaweza kuvuja damu ndani ya jicho.

Kwa viungo, maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Saa mbili baadaye yakiwa makali kuliko ulivyoanza, umezidisha. Safari ijayo punguza muda kwa robo. Usianze mara tu unapoamka viungo vikiwa vimekaza, subiri vipate joto. Mwenye pumu inayoamshwa na mazoezi avute dawa ya kufungua njia ya hewa kama dakika 15 kabla, kama alivyoelekezwa, na atembee nayo mfukoni.

Siku mbaya

Mipango mingi hufia hapa. Ugonjwa wa kudumu una siku zake, na mpango wenye ngazi moja tu huvunjika siku ya kwanza mbaya. Andika ngazi tatu mapema, ukiwa mzima wa akili na mwili. Siku nzuri: matembezi kamili na kiti. Siku ya kati: dakika 5 mara mbili, kiti mara 5. Siku mbaya: kuzungusha vifundo na mabega kitandani, na chakula kilichopikwa tayari. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Siku ya maumivu hakuna mtu anayekata mboga, kwa hiyo siku nzuri pika maradufu, gawa kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja, gandisha. La sivyo siku mbaya italishwa na biskuti.

Ukiwa na homa, unatapika au unaharisha, kupunguza uzito kunasimama. Kunywa, kula unachoweza, pima sukari mara nyingi, na uliza kliniki dawa zipi zisitishwe kwa muda. Metformini, dawa za kukojosha, empagliflozini na mwenzake, na zile za presha za kundi la enalaprili na losartani huwa kwenye orodha hiyo. Insulini haikatwi kabisa kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kuna wagonjwa ambao ngazi hizi haziwafai. Ni wale wenye uchovu sugu, ambao huanguka siku moja au mbili baada ya kujituma kidogo tu: mwili unauma kama mafua, akili inakuwa nzito, usingizi hauwapumzishi. Kwao kuongeza mazoezi kila wiki huzidisha ugonjwa, na mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2021 uliacha kupendekeza njia hiyo. Wao wabaki chini ya kiwango cha nguvu walichonacho, wapumzike kabla ya kuchoka, na kazi ya uzito waiachie sahani.

Usingizi nao uangaliwe, kwa ufupi: ukikoroma sana na mwenzio anasema unakata pumzi usiku, kapimwe. Anayelala vibaya huamka na njaa ya wanga ambayo nia njema haiishindi.

Mizani ikigoma

Karibu kila mtu hufika mahali uzito unasimama, mara nyingi baada ya miezi michache. Mwili uliopungua unaunguza kidogo, kwa hiyo chakula kilichokupunguza kwa kilo 92 ndicho kinachokutunza kwa kilo 84. Kabla ya kupunguza zaidi, rudisha kijiko kwenye chupa ya mafuta kwa siku saba. Mkono huwa umeshasahau. Pima na kiuno, kwa sababu kinaweza kuwa kinashuka wakati kilo zimetulia. Kisha angalia kama kuna dawa mpya iliyoingia, au miguu imevimba. Kama yote ni sawa, punguza nusu kikombe cha wanga au ongeza dakika 10 za kutembea. Kimoja, si vyote viwili.

Asilimia 5 ya kwanza ikishatoka, usingoje tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda na daftari. Presha yenye namba ya juu ya 105 asubuhi na kizunguzungu bafuni, au sukari ya 4.3 kabla ya kulala kwa siku tatu, ni dozi zinazosubiri kushushwa, na aliyekuandikia hawezi kujua usipomwonyesha.